Bereg Niliyoiandika kwa Kiswahili

Mzee wangu mpendwa,

Nakuandikia kwa lugha ambayo ulijua maneno yake manne tu: asante, pole, karibu na ugali. Najua hutaisoma. Hata ungekuwa hai usingeisoma, na hapo ndipo penye kisa chote. Barua hii naiacha wazi, atakayeiokota aisome, haitanidhuru. Wanaojua Kiswahili hawawezi kunisaidia, na wale ambao wangenisaidia, watu wa kwenu Bereg, Kiswahili hawakijui.

Binti yako Marta anataka kukupeleka kwa mama yako. Ulimwomba mwenyewe kule Louisville, ukiwa kitandani, siku ambazo sauti ilikuwa imebaki kidogo: majivu yako yawekwe pale alipolala mama. Alipokuuliza ni wapi, ukamwambia, "Yote yako kwenye madaftari. Yule binti aliandika." Aliyeandika ni mimi. Mzee wangu, jina la mahali hapo halimo kwenye madaftari, na leo nataka nikueleze kwa nini, maana ulipokuwa hai nilikuficha, na sasa sina tena wa kumficha.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa nakuja kwako Gahanna, pembeni mwa jiji la Columbus huku Amerika, nikitokea mtaa wa Linden, mabasi mawili, chakula changu nimekitia kwenye kopo la aiskrimu. Kazi niliyopewa ilikuwa kukuogesha, kukunyoa, kukupa vidonge na kuhakikisha huanguki. Hakuna aliyeniambia kwamba nitakuwa karani wa wilaya iliyokwisha kufa. Mikono yako ilitetemeka hata kijiko kikawa kinafika mdomoni kitupu. Macho nayo yalikuwa na wingu katikati. Ulisema unaona kingo za vitu tu, unaziona nywele zangu lakini uso huuoni. Nami nikakujibu kwamba huna hasara kubwa, ukacheka mpaka ukakohoa.

Kisha siku moja ukanituma duka la dola, lile la vitu vya bei ya chini, nikanunue madaftari manne, yale ya jalada lenye madoa meusi na meupe.

"Marta lazima ajue," ulisema. "Anafikiri nimetoka Hungary. Mimi sikutoka Hungary. Nimetoka Bereg."

Nilicheka, na hukujua kwa nini. Baba yangu naye alikuwa hivyohivyo. Kambini kwa wakimbizi, Tanzania, mtu akimwita Mkongomani, alikuwa akisahihisha hapohapo: mimi ni mtu wa Fizi. Kongo aliiacha kwa wenye nguvu ya kuibeba.

Nilikaa mezani, nikafungua daftari la kwanza. Bereg niliiandika mwenyewe kwenye jalada, kwa sababu ulinitamkia herufi mojamoja. Halafu ukaanza kusema. Kiingereza chako kilikuwa cha zamani na kizito, lakini nilikisikia vizuri. Shida ilikuwa mkono. Kiingereza changu cha kusikia kimeupita mbali kile cha kuandika, na wewe ukishaanza ulikuwa husimami mpaka ndege ipite juu ya paa kuelekea uwanjani. Sentensi ya kwanza ilinipita nikiiangalia. Ya pili nikaidaka kwa Kiswahili ili nayo isinipotee, nikijiambia kwamba nitaigeuza Kiingereza jioni nikifika nyumbani. Sikuigeuza. Jioni nilikuwa na watoto, na nguo za kufua, na usingizi.

Ulipochoka siku ile uliniambia, "Nisomee." Nikakusomea, macho kwenye Kiswahili, mdomo kwenye Kiingereza. Ulifumba macho ukasikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Una kichwa cha wakili." Sasa hapo ningekwambiaje? Kila siku niliyonyamaza ilifanya ya pili yake kuwa ngumu zaidi. Mwaka ukapita na miezi juu yake, madaftari manne yakajaa, na wewe ukawa unayapapasa kwa vidole ukifurahia wino ulivyokwaruza karatasi.

Nayakumbuka yote, Mzee. Ulianza na msitu. Zamani, ulisema, Bereg haikuwa wilaya, ilikuwa msitu wa wafalme, mahali pa kuwindia, na waliokaa humo walikuwa walinzi wa misitu na watu wa mbwa. Polepole wakaja wakulima, wakaja wageni wa mbali walioitwa kupanda mizabibu, pakawa na masoko na makanisa, na mfalme akaweka mtu wake wa kusimamia. Mtu huyo nilimwandika "mwami". Ningemwandika nani? Kwetu anayekusanya kodi, anayeamua kesi na kukalia kiti kirefu ni mwami. Chumvi ilishuka kwa mto mkubwa juu ya magogo yaliyofungwa pamoja, na kulikuwa na kinamasi kipana ambacho ndege walikuwa wakikitia giza, mpaka babu zenu wakachimba mifereji, kikakauka, pakawa mashamba.

Uliponieleza kuhusu mwanamke mmoja wa zamani aliyeishika ngome ya kwenu karibu miaka mitatu, mumewe hayupo, watoto wako naye ndani, jeshi la Kaizari limemzunguka, mimi niliuliza kitu kimoja tu. "Walikuwa wanakula nini?"

"Nimesoma vitabu vingi juu ya ngome hiyo," ulisema, "na sikuwahi kujiuliza hilo."

Mimi ningeanza na hilo. Ndipo ukanieleza kwamba watu wa milimani kwenu walikuwa wakila unga wa mahindi uliosongwa kwa maji ya moto, nikaruka kwenye kiti. Ugali! Siku ya pili nilikuja na unga wangu, nikakusongea, ukaula kwa maziwa mgando na machozi yakakutoka. Uliniuliza ugali umekuwaje wa kwetu, nikakwambia wa kwetu ndio umekuwa wa kwenu, tukabishana hivyo mpaka chakula kikapoa. Siku ile nilirudi Linden nikiwa na furaha ya kijinga, kama nimepata ndugu.

Daftari la nne ndilo lililokuwa zito. Wakubwa walikaa mezani huko Ufaransa baada ya vita vya kwanza vya dunia, wakaikata Bereg. Kipande kidogo kikabaki Hungary, kikubwa kikaenda Chekoslovakia. Baada ya miaka Hungary ikarudi. Baada ya miaka mingine wakaja Warusi. Ulisema mlango wa shule yenu ulipakwa rangi upya kila ilipokuja serikali, rangi juu ya rangi, mpaka ukawa mnene hauwezi kufungika, na watoto mkasoma na baridi. Ulizaliwa Chekoslovakia, ukaanza shule Hungary, ukawa yatima chini ya Warusi, na kitanda chenu hakijasogezwa. Leo hapo ni Ukraine. Nikakwambia kwamba mimi nilizaliwa Zaire nikakimbia Kongo na nyumba ilikuwa ileile. Baba yangu alizaliwa Kivu ikiwa moja, serikali ikaja ikaigawa vipande vitatu. Ulinishika mkono kwa mkono wako unaotetemeka, ikawa kama tunatetemeka wote wawili.

Ukanieleza habari za jirani yenu Myahudi aliyekuwa akiuza mafuta ya taa, aliyepandishwa treni yeye na nyumba nzima, na jinsi watu wa mtaa mlivyosimama mnaangalia. Ukanieleza habari za vuli iliyofuata, askari walipotangaza kwamba wanaume waje kwa kazi ndogo ya siku tatu, kila mtu abebe chakula cha siku tatu. Mama yako alimfungia baba yako mkate na kipande cha mafuta ya nguruwe. Alihesabu vizuri, siku tatu. Baba yako hajarudi mpaka leo.

Halafu mama yako akakuchukua mkaenda kwa kaka zake, na majira ya baridi yale akafa. Wajomba zako walichimba kaburi kwa sururu kwa sababu ardhi ilikuwa imeganda. Baadaye mjomba mmoja akakuvusha mpaka wa nchi, ukalelewa upande wa Hungary, na mpaka ukafungwa nyuma yako. Ulipokuwa kijana ukaondoka Hungary nayo kwa miguu, ukaja huku. Hukuliona tena kaburi. Kwanza walikatazwa watu kuingia, halafu mkeo akaugua miaka mingi, halafu miguu ikakuisha, halafu ikaja vita.

Siku ile ulinitajia jina la mama yako. Ukanitajia na jina la kijiji cha wajomba zako, tena mara tatu, kwa sababu kila serikali ilikipa la kwake: la Kihungari, la Kicheki, la Kirusi. "Andika yote matatu," ulisema, "maana sijui ni lipi litakuwa limebaki." Nikainamisha kichwa nikaandika.

Hiki hapa nilichoandika, nakinakili neno kwa neno: *Mama wa Mzee alikufa kwa wajomba, akazikwa huko. Kijiji chao kina majina matatu.*

Basi. Ndivyo nilivyoandika. Na ulipotaka nikusomee, nilikusomea ile ya kaburi na sururu, ukaanza kulia, ukaniambia inatosha.

Usidhani nilikuwa mvivu siku ile. Kwetu mtu mzima hatajwi jina lake. Anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na akishakufa ndiyo zaidi, jina lake linawekwa mahali pa heshima halitembezwi ovyo. Mama yangu mimi nilijua ni Mama Mwamini. Jina lake la kweli nililisikia mara ya kwanza kambini, tumepanga foleni ya kuandikishwa, karani anamfokea, "Jina lako wewe, sikuulizi la mtoto!" Mama akalisema kwa sauti ndogo, ameangalia chini, kama mtu anayevuliwa nguo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na niliapa sitamfanyia mtu mzima jambo hilo. Kwa hiyo ulipomtaja mama yako, mkono wangu haukukubali kumweka uchi kwenye daftari la duka la dola. Nikamwandika kwa heshima, Mama wa Mzee. Na kijiji, sisi tunasema "kwa wajomba" na kila anayesikia anajua njia. Niliandika kama mtu anayewaandikia watu wa nyumbani. Sikufikiria kwamba atakayesoma hatakuwa na hata mmoja wa kumuuliza.

Wazee wanasema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, manne mazima!

Ulipoanguka bafuni haikuwa zamu yangu. Marta alikuja na gari akakuchukua Louisville, na mimi nilifika asubuhi nikakuta mlango umefungwa. Wiki sita baadaye akanipigia. Nilipanda basi kwenda huko nikiwa na madaftari kwenye mfuko, nimeyafunga kwa kitenge. Nilikuta umekuwa sanduku dogo la mbao juu ya kabati la vitabu. Nisamehe, Mzee, nilishtuka. Kwetu mtu hachomwi. Nilitafuta mahali pa kusimama nikakosa, maana sanduku halina kichwa wala miguu.

Marta ana macho yako, ila yake yanaona. Alinikumbatia mlangoni, akanikalisha, akafungua daftari la kwanza kwa mikono miwili. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine.

"Hiki ni Kihungari?" aliuliza.

"Hapana."

"Ni nini basi?"

"Kiswahili."

Aliniangalia nikatamani anitukane. Hakunitukana. Alifunga daftari polepole akaniuliza kama nakunywa chai au kahawa. Nikanywa chai kwenye nyumba yako ya mwisho. Kabla sijaondoka akaniambia ulichoomba, na kwamba karatasi zako zote alizonazo, ya kuingia Amerika, ya uraia, ya ndoa, mahali pa kuzaliwa zinasema Bereg tu, na kila moja inaitia nchi nyingine. Jina la bibi yake hakuwahi kuambiwa. "Alisema liko humu," akasema, akigonga jalada kwa kidole.

Nikamwambia nitampa kwa Kiingereza. Columbus, kanisani kwetu, yuko Mkenya mmoja, Mwangi, alikuja kusoma akabaki na kazi ya bima, kijana mwenye moyo mwema na mdomo wake. Alikubali kutafsiri Jumamosi zake. Siku ya kwanza alinipigia simu anacheka.

"Mama Neema, hii county ilikuwa na wafalme wangapi? Naona mwami hapa, mwami pale. Niandike king ama chief?"

"Andika tu mukubwa wa pale."

"Na hii ugali? Wazungu na ugali, for real?"

"Iko kweli, ndugu. Alikuwa anakula na maziwa."

Siku ya mwisho hakucheka. Alikuja nyumbani akiwa ameshika daftari la nne, akaliweka mezani, akaliacha wazi kwenye ukurasa ule.

"Mama, hapa pana shida," alisema. "Nimetafuta page zote, front na back. Hakuna jina la mtu. Hakuna hata moja. Hawa watu wote ni Mama wa fulani, mjomba, jirani. Hata kijiji. Ulikuwa unawaficha police?"

Nilimweleza. Akatikisa kichwa, akasema kwao nyumbani mambo ni tofauti kidogo lakini amenielewa. Kunielewa hakukusaidia kitu.

Mwaka huu nilihamia mji wa Buffalo, mtaa wa West Side, kwa dada yangu Mwamini ambaye magoti yamemgomea na hawezi tena ngazi za hizi nyumba za mbao. Yeye hanionei huruma. Nilipomwambia kisa chako alikuwa anamenya viazi, akaacha kisu hewani, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu chenye Kifaransa ndani.

"Donc weye uliandika ma histoire ya muzungu yote, mufalme, mahindi, mulango ya masomo, alafu ile batu banatafuta ndiyo ukaacha? Bon. Ulikuwa unaandikia nani?"

Majuto ni mjukuu, na wangu ameshakuwa mkubwa, anakaa mezani anakula nasi.

Marta hakukata tamaa upesi. Alipata kwenye maktaba ramani ya zamani ya wilaya ile, kabla haijakatwa, pamoja na orodha ya vijiji vyake. Akanipa wazo ambalo nililikubali kwa haraka kwa sababu lilikuwa kitu cha kufanya. Kila Jumapili nikitoka kanisani ananipigia, ananisomea majina kumi, na mimi nasikiliza kama lako limo. Nilimwambia nakumbuka mlio wake. La Kihungari lilikuwa fupi, lina ulaini mwishoni, na ulipolitamka ulishusha sauti. Nilisema hivyo kwa ujasiri, Mzee. Niliamini sikio langu.

Nilikaa jikoni kwa Mwamini, simu mezani, sauti imewekwa juu. Marta akasoma kwa lafudhi yake ya huko Louisville, polepole, jina moja, halafu ananyamaza. Mimi nasema hapana. Jingine. Hapana. Vijiji vyenu ni vingi, mnapenda majina marefu, na vingi vinafanana kama watoto wa mama mmoja. Jumapili ya tano nilianza kuogopa, kwa sababu majina aliyosoma yalikuwa yanafunika lile nililokuwa nalo. Nilipolala nilikuwa nalisikia, nikiamka nasikia lile la Marta. Na lafudhi yake haikuwa yako. Labda alishalisoma wiki ya pili na mimi nikasema hapana. Hili sikumwambia.

Tulifika mwisho wa orodha. Nikasema hapana ya mwisho. Nikamsikia anavuta pumzi, halafu karatasi zinageuzwa, halafu akasema kwa upole kabisa, "Tuanze tena kutoka juu."

Tukaanza tena. Hakuwahi kunilaumu, na hilo ndilo lililonimaliza. Wiki moja aliniambia kwamba yeye mwenyewe ana miaka sitini na sita na moyo wenye matatizo, na kama hatakupeleka mwaka huu hajui nani atakupeleka. Hana mtoto. Wiki nyingine alisema kwa kicheko kwamba anaongea na sanduku asubuhi, anakuomba radhi kwa kuchelewa.

Jumapili iliyopita alisoma manne. La tano likaja, fupi, na mwishoni mwake laini. Sauti yake ilikuwa imechoka, ikashuka yenyewe alipolitamka. Mwamini alikuwa amekaa mbele yangu na viazi vyake. Nikasema, "Soma tena." Akasoma tena.

Nikasema ndiyo.

Mzee wangu, sijui kama nilikumbuka au nilichoka. Nimejiuliza tangu siku ile mpaka kichwa kinaniuma. Kuna saa nasikia wewe unalitamka kabisa, mezani Gahanna, na kuna saa nasikia mwanamke amechoka huko Louisville na mtu mwingine hapa anamwonea huruma. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nilifundishwa hivyo tangu utoto, na ulimi ukajikwaa hivyohivyo. Marta alilia kwa sauti, akasema asante mara nyingi kwa Kiswahili. Wewe ndiye uliyemfundisha neno hilo.

Mwamini alingoja nikate simu. "Uko sûr?" aliniuliza, yaani kama nina hakika.

"Sijue."

"Basi umupigie, umuambie haujue."

Nilimpigia Jumatano, nia yangu ilikuwa hiyo, Mungu ni shahidi. Aliposhika simu sikumtambua, sauti ilikuwa ya msichana. Amekwisha kukata tiketi. Atatua Hungary, atapanda treni mpaka karibu na mpaka, na kuna mchungaji wa upande wa pili atakayekuja kumchukua kwa gari, wanasema upande ule wa milima mabomu ni nadra. Amezungumza na mchungaji huyo kwa mkalimani. Mchungaji amemwambia makaburi ya zamani yapo nyuma ya kanisa, mengi hayana majina, misalaba ya mbao ilishaoza, lakini kwamba mtu wa kijiji hachagui sana, wote waliolala hapo wanafahamiana. Marta alinisomea maneno hayo mara mbili. Akaniambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu ufe amelala usiku mzima. Akaniuliza nilikuwa nimepiga kwa ajili ya nini.

Nikamwambia nilitaka kumtakia safari njema.

Kesho Ijumaa anapanda ndege na wewe, kwenye begi la mkononi, hataki uwekwe na mizigo. Nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya Mwamini na daftari la tano ambalo nimelinunua leo, basi la jiji linapita mbele yangu, na ninaweza kuchukua simu sasa hivi. Nimeichukua mara tatu. Nikimwambia sijui, atarudi nyumbani na sanduku lake na moyo wake, na hakuna orodha nyingine ya kusoma. Nisipomwambia, huenda ninakutuma kulala kwa watu. Ningekuwa na mtu wa kumuuliza ningemuuliza. Aliyejua ni wewe peke yako, na uliniambia mimi.

Kama ni kwenyewe, basi msalimie mama yako, na umwombee radhi karani ambaye hakumtaja. Kama si kwenyewe, na mwanamke aliyelala hapo ni wa watu wengine, piga hodi kwa heshima. Huenda naye alimfungia mumewe mkate wa siku tatu. Mwambie umekosewa njia na mtu aliyekupenda, uombe kukaa.

Marta ameniahidi picha ya mahali hapo. Ikifika nitaiangalia kwa muda mrefu, kisha nitamwandikia, kwa Kiingereza changu kibaya, kwamba nimepatambua.

Safiri salama, Mzee wangu.

Ni mimi,
binti yako wa Gahanna